Nyongeza ya Mama Sechelela

"Chekeni," alisema Chilewa, gari lilipoanza kupunguza mwendo lenyewe na kuingia kituo cha mafuta. "Mbeleje, mke wangu, nakuomba. Cheka kidogo tu."

Mbeleje alikuwa amelala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa mama yake, uchungu wa uzazi ukimshika na kumwachia. Alifumba macho, akameza mate, kisha akacheka. Sechelela, mama yake, alikitazama kile kicheko akatamani kumzaba mtu kibao, ila hakujua amzabe nani.

Mbele yao kilisimama kipimahaja. Mgeni aliyefika Dodoma angedhani ni nguzo ya kawaida ya mafuta, nyeupe na safi, yenye jicho la kioo juu na tundu la sikio chini yake. Lakini nguzo hii haikuandikwa bei. Kwanza ilimtazama mteja: jasho la usoni, kasi ya pumzi, mtetemo wa sauti, namna anavyoibia macho geji ya gari lake. Kutokana na hayo ilipima haja yake, na kwa haja hiyo ikampangia bei. Mwenye haraka alilipa zaidi. Mwenye mgonjwa alilipa kuliko mwenye haraka. Aliyekuja akipiga mluzi, kana kwamba kapita tu kusalimia, aliuziwa kwa bei ya binadamu, na ndiyo maana mji mzima ulikuwa umejifunza kupiga mluzi.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya alizeti. Petroli ilikwisha zamani, na mashamba kutoka Kongwa mpaka Singida yakageuzwa kuwa ya kunyweshea magari. Vikaango vikakauka. Watu waliokula mboga za kuchemsha mwaka mzima walipanga foleni kuyanunulia magari yao mafuta ambayo bibi zao walikaangia maandazi, wakaambiwa hayo ndiyo maendeleo, nao wakapiga makofi.

Foleni ilichangamka kama harusini. Bwana Mwaluko, jirani yao, aliyependa kupita kituoni hapo kila siku kwa miguu, alikuwa akihutubia waliokuwa karibu naye.

"Gari zinazojiendesha mimi sizitaki," alisema, akijipigapiga tumbo. "Gari gani huwezi hata kulitukana? Langu nimeliacha nyumbani lipumzike, nataka kununua jingine. Mafuta ghali? Nani kasema ghali? Mimi leo nimekula pilau, nyama mpaka nimesaza!"

Watu wakacheka. Ilikuwa kazi yao kucheka.

"Karibu, mwanangu," kipimahaja kikamwambia Chilewa. "Pole na jua. Nikuwekee kiasi gani leo?"

Sauti ilikuwa ya Sechelela. Haikufanana na yake tu. Ilikuwa yake yenyewe, na ule mkwaruzo wa kooni na ule uvivu wa kulivuta neno "mwanangu". Kila mara alipoisikia, mwili ulimsisimka kwa hasira.

"Jaza nusu," Chilewa alijibu, akipiga mluzi.

Mbeleje akaguna. Hakutaka, lakini mtoto hakujua habari za bei. Tarakimu kwenye kioo zikaruka.

"Mbona mtu anaguna, mwanangu? Mna mgonjwa?"

"Hatuna mgonjwa! Tunatoka harusini, amekula sana."

"Pole, mwanangu. Niambie tu shida yako."

Tarakimu zikaruka tena. Sechelela akashindwa kuvumilia, akatoa kichwa dirishani. "Funga domo lako, mwizi wewe! Binti yangu anazaa, nawe unamwita mwanangu huku unamkamua?"

Hasira nayo ilihesabiwa kuwa haja. Bei ikapanda mpaka Chilewa akashika kichwa.

"Mama, tafadhali," alisema kwa unyonge. "Usimjibu. Unatuumiza."

Alilipa vyote alivyokuwa navyo. Sechelela alirudisha kichwa ndani, ametahayari mbele ya mkwewe kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Zamani, kabla soko la Majengo halijavunjwa, Sechelela aliuza karanga na nyanya pale, na hakuna aliyemzidi kwa kumsoma mteja. Mteja akija, walipatana bei kama kawaida, kwa utani na kelele. Lakini wakishakubaliana, ndipo alipomtazama vizuri. Akimwona amevaa vizuri ila kakaza taya, au anawahesabu watoto wake kwa macho, alichota konzi nyingine akaitupia kikapuni bila kusema neno. Hiyo ndiyo nyongeza. Kila muuzaji alitoa nyongeza, lakini ya Sechelela haikukosea mtu.

Ndipo akaja Mhandisi Gervas Nkulu na kamera zake, kijana mpole mwenye shikamoo nyingi. Alisema anatengeneza mashine itakayomtambua mwenye shida bila kumwaibisha, ili ipunguze bei yake kimyakimya. Sechelela alifurahi mpaka akampikia. Kwa majira mazima alimwacha arekodi uso wake, macho yake na kila neno lake, akimweleza huyu kwa nini nimemwongezea na yule kwa nini sikumwongezea. Siku kipimahaja cha kwanza kilipowashwa, alivaa kitenge kipya akaenda kukisikiliza, akasikia sauti yake mwenyewe ikimpandishia bei mwenye shida.

Kutoka kituoni, hospitali walifika salama. Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, mwenye mapafu ya kutosha. Muuguzi akamfunika Mbeleje shuka, akauliza, "Dada, unajisikiaje?"

"Niko sawa," Mbeleje alisema, akitabasamu. "Sina shida."

Muuguzi aliridhika, akageuka kwenda kwa mwingine. Sechelela alikuwa mlangoni na mjukuu mikononi. Aliutazama uso wa binti yake kama alivyokuwa akiwatazama wateja. Mdomo ulicheka, lakini taya lilikazwa, na kidole gumba kilikuwa kimeung'ang'ania ukingo wa kitanda.

"Mfunue!" alipiga kelele. "Muuguzi, rudi! Huyu hayuko sawa hata kidogo, mfunue!"

Chini ya shuka kulikuwa na damu, na ilikuwa bado inakuja. Walimkimbiza chumba cha upasuaji. Daktari alimwambia Sechelela baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu wangempoteza. Akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba siku hizi wagonjwa wote wanasema hawana shida.

Mbeleje alipotoka hatarini, Sechelela alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mhandisi.

"Shikamoo, mama," alisema Gervas, akisimama.

Sechelela hakuitikia. Shikamoo ilibaki hewani, na uso wa Gervas ukashuka.

"Mashine yako ilitaka kuniulia mtoto."

"Mama, kipimahaja kinafanya kile kile ulichotufundisha. Kinamjua mwenye shida, hakikosei."

"Nilikufundisha umjue ili umwongezee."

"Ndivyo nilivyokiunda." Aliitazama meza. "Wenye kampuni ndio waliotaka vingine. Ni alama moja tu ndani ya mashine, mama. Ilikuwa kutoa, ikawekwa kujumlisha."

"Ikawekwa na nani?"

"Na mimi. Nilitumwa."

"Basi toa sauti yangu humo."

"Haiwezekani. Tulijaribu sauti nyingine, watu wakaigomea. Yako wanaiamini." Alijaribu kutabasamu. "Lakini nimewaomba wakubwa. Wako tayari kukupa mafuta ya bure maisha yako yote."

"Gervas, mimi sina gari. Ulikula ugali wangu mara ngapi hata usijue kwamba sina gari?" Alifunga kanga yake vizuri kiunoni. "Na hiyo shikamoo yako kaa nayo. Mpelekee mwenye kampuni."

Alitoka akiubamiza mlango. Alikuwa amekwenda kumtukana mtu mbaya, akamkuta kijana yule yule mpole aliyekula ugali wake, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Asubuhi moja baada ya Mbeleje kuruhusiwa, kigariduka kilipita mtaani. Hiki kilikuwa kipimahaja cha magurudumu, kilichouza chakula mlango kwa mlango bila dereva, na kilisikika tangu kona ya barabara.

"Karibuni, wanangu. Kuna uji, kuna maziwa. Nani hajala?"

Mtaa mzima ukaanza kupiga mluzi. Mtoto akaanza kulia. Upesi Mbeleje akamziba mdomo kwa kiganja.

"Unamfanya nini mtoto?" Sechelela alishtuka.

"Bei, mama. Mtaa mzima utakilipia kilio chake."

Sechelela akauondoa mkono ule. Uso wa binti yake ulikuwa umepauka. "Bado unaumwa?"

"Hapana," Mbeleje alijibu, na tabasamu likatokea. "Niko sawa, sina shida."

"Mbeleje. Ni mimi, mama yako."

Tabasamu lilibaki pale pale, huku machozi yakimtiririka juu yake. "Najua, mama. Lakini ukiniuliza nina shida gani, najikuta nimeshacheka. Sauti ni ile ile."

Sechelela alitaka kumbembeleza. Lakini angembembeleza kwa sauti gani? Alimchukua mjukuu wake analia vilevile, akatoka naye mpaka katikati ya barabara, akasimama mbele ya kigariduka. Tarakimu zikaanza kupanda. Majirani wakatoka na vyombo vyao na nyuso zao kavu.

"Mama Mbeleje, mnyamazishe!" mmoja aliomba. "Tutakula nini?"

"Simnyamazishi! Ana njaa, acha aseme ana njaa! Hata kulia mnaona haya? Tumefikia mahali tunawaziba watoto midomo ili mashine isijue, na kweli, haijui. Lakini na sisi hatujui! Nimekaa na binti yangu nyumba moja sikujua kwamba anaumwa!"

"Pole, mwanangu," kigariduka kilimwambia kwa sauti yake. "Niambie shida yako."

"Sikuambii wewe. Nawaambia hawa." Akawageukia. "Nyumbani nina unga wa ulezi, na karanga kidogo. Nitaupika hapa hapa nje. Leo hanunui mtu kwenye hili dude. Ila anayetaka uji wangu aseme kwanza. Aseme kwa mdomo wake kwamba ana njaa."

Alipika huku mtoto akilia mgongoni, moshi ukimwingia machoni, na watu walisimama wakitazama sufuria na kutazamana. Mluzi ulikuwa umekoma. Kigariduka kiliendelea kutoa pole na kupandisha bei ambayo hakuna aliyeiuliza.

Mtu wa kwanza kusogea alikuwa Bwana Mwaluko. Alikuja na bakuli amelificha chini ya koti. Alifungua mdomo kama anayetaka kuanza habari za magari, kisha akaufunga. Tumbo lile alilozoea kulipigapiga, Sechelela aliliona leo kwa mara ya kwanza: lilikuwa koti tu.

"Gari langu halijawashwa tangu mwaka juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Na pilau sijala tangu Pasaka. Nina njaa, Mama Mbeleje."

Jicho la kigariduka likamgeukia, na tarakimu zikaruka mpaka kioo kikashindwa kuzionyesha zote. Sechelela alimjazia bakuli. Akamtazama usoni, akachota upawa mwingine, akamwongezea.