Binti wa Kinyozi na Kiapo cha Kunyamaza

Kila asubuhi, kabla jirani yeyote hajafungua mlango, binti wa kinyozi alitoka na mfuko mweusi uliofungwa mafundo mawili. Aliupeleka hadi kwenye pipa la taka mwisho wa mtaa, akautumbukiza, akarudi mbio asije akaulizwa amebeba nini. Baada ya hapo siku yake ilianza kama ya watoto wengine: kufagia, kuoga, chai, sare, shule.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wateja wa baba yake walimwita Karani, kwa sababu jioni alikaa mlangoni na daftari, akiandika nani ametangulia kufika na nani anafuata. Hakuna aliyethubutu kuruka foleni ya Karani, hata awe anakwenda kuoa.

Yeye na baba yake waliishi wawili tu, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kunyolea. Mama alifariki Karani akiwa darasa la pili. Baba alikuwa mtu mzima aliyempata binti huyu uzeeni, na ndiye pekee aliyebaki naye. Ndiyo maana miezi mitatu iliyopita, baba alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume, Karani hakupata usingizi mpaka aliporudishwa nyumbani. Upasuaji ulikwenda salama. Ila tangu siku hiyo mkojo uligoma kumtii. Ulimtoka akipiga chafya, ulimtoka akiinama, ulimtoka hata akiwa amesimama tu nyuma ya kiti na mkasi mkononi.

Daktari alikuwa amempangia tarehe ya kurudi kliniki. Kinyozi hakwenda, aliona haya. Alikwenda kwenye duka la dawa la mbali ambako hakuna aliyemjua, akanunua nepi za watu wazima, akazificha ndani ya boksi la mashine mbovu. Karani alizikuta siku alipokuwa anatafuta kichana. Baba alifunga mlango, akamkalisha kitandani.

"Apa kwamba hutamwambia mtu," alisema. "Si shangazi yako, si mwalimu, si daktari."

"Kwani ni vibaya, baba?"

"Watu wakijua, nani ataniletea kichwa chake nimnyoe? Apa, mama."

Karani aliapa kwa jina la marehemu mama yake. Kilikuwa kiapo kizito kupita umri wake, na aliyembebesha ni mtu ambaye angepaswa kumtua mizigo.

Kuvaa nepi si kosa wala si aibu. Wako wengi wanaozivaa, wakaenda kazini, wakacheka na wenzao, na mtu asijue. Kosa la kinyozi lilikuwa kujitibu kwa akili ya kazi yake. Kwanza alivaa nepi mbili kwa pamoja, akidhani mbili zitazuia zaidi ya moja. Kisha alichukua kitambaa cha nailoni, kile cha kuwafunika wateja shingoni ili nywele zisiwaingie, akakikata na kujifunga juu ya nepi hizo. Nailoni haipitishi hewa. Ngozi yake ilishinda kutwa nzima ikiloa na kutokota humo, ikaanza kuchubuka. Alipoona michubuko, alifanya lile alilowafanyia wateja wenye vipele vya kunyoa kwa miaka thelathini: alichovya pamba kwenye spiriti, akajipaka.

Karani alikuwa upande wa pili wa pazia. Alimsikia baba yake aking'ata taulo asipige kelele. Alitaka kuingia, akakumbuka kiapo, akabaki amesimama pale pale huku machozi yakimtiririka.

Halafu baba akaacha kunywa maji. Alikunywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, basi, mpaka jioni. Alidhani asipoingiza hatatoa. Lakini mkojo uliopungua ulizidi kuwa mzito na harufu yake ikazidi kuwa kali. Akaongeza marashi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa kuwa jirani yake alikuwa fundi viatu, mtu ambaye hakuweza kuona kimya bila kukijaza.

"Kinyozi," alisema fundi viatu jioni moja, akinusa huku na huku, "siku hizi unafuga paka? Humu kuna harufu imejipaka marashi, lakini mimi nimeshaitambua."

Watu wote kwenye benchi walicheka. Wembe wa baba ulisimama shingoni mwa mteja.

"Ni paka wa jirani," alisema Karani, bila hata kuinua macho kutoka kwenye daftari. "Anapita dirisha la nyuma."

Baba alivuta pumzi, akaendelea kunyoa. Karani alijiona shujaa. Uongo ulikuwa umemtoka laini, kama mtu aliyeuzoea, na hakushtuka hata kidogo. Kesho yake fundi viatu, ambaye alikuwa mtu mwema licha ya mdomo wake, alikuja na misumari na wavu wa waya. Akaliziba dirisha la nyuma ili paka asipite. Aliliziba kwa nguvu zake zote, na kile chumba kikawa tanuri.

Siku nne baadaye Karani alitoka shule akamkuta baba yake amevaa sweta juani. Meno yalikuwa yakigongana. Alikuwa amemkata mteja sikio, jambo ambalo halijawahi kutokea, na mteja alikuwa ameondoka na kichwa kilichonyolewa nusu. Baba alijaribu kukaa kwenye kiti chake mwenyewe. Hakukifikia. Alianguka chini, juu ya nywele ambazo hazijafagiwa.

Fundi viatu alimbeba mgongoni hadi zahanati, wala hakutania njia nzima. Tabibu alimwomba fundi asubiri nje, akafunga mlango. Wakabaki watatu.

"Mzee, unasikiaje?"

"Homa tu, daktari. Malaria."

Walimpima. Hakuwa na malaria.

"Mkojo unaupata vizuri?"

"Vizuri kabisa."

"Kuna mahali panauma?"

"Hapana. Nimechoka tu na kazi."

Tabibu alichukua kalamu aandike dawa za kutuliza homa. Baba alimtazama Karani na kutikisa kichwa kidogo, ili asiseme. Karani alilijua neno hilo, nimechoka tu. Mama yake alilisema wiki nzima, na mwisho wa wiki hakuamka. Aliogopa kuvunja kiapo, tena kiapo alichoapa kwa jina la mama huyo huyo. Lakini aliogopa zaidi kurudi peke yake kwenye kile chumba.

"Anaficha," alisema. "Daktari, mkojo unamtoka tangu apasuliwe. Anavaa nepi mbili na nailoni juu yake. Ana vidonda, anavipaka spiriti. Na hanywi maji."

Baba aligeuza uso ukutani.

Alilazwa siku nne. Walipompima mkojo walikuta maambukizi yameshaanza kupanda kuelekea kwenye figo. Tabibu alisema wazi kwamba wangechelewa siku mbili zaidi, huenda wasingekuwa na la kufanya. Kwa siku mbili za mwanzo baba hakumsemesha binti yake. Karani alimletea uji, akaukuta vile vile, akakaa kando ya kitanda akitazama dripu. Hakuna adhabu aliyowahi kupewa shuleni iliyomuuma kama kimya kile.

Siku ya tatu muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene asiye na haraka, alivuta pazia na kumwambia Karani atoke kidogo. Karani alikaa nyuma ya pazia, akasikia kila kitu.

"Nepi moja tu, mzee, tena ya saizi yako. Ikiwa kubwa inavuja pembeni, ikiwa ndogo inakukata. Badilisha kila baada ya saa tatu au nne, na ukichafuka, badilisha papo hapo. Jisafishe kwa maji na sabuni isiyo kali, jikaushe kwa kugusagusa, usisugue. Paka mafuta kidogo, acha papate hewa ya kutosha. Juu vaa chupi ya kubana, ili nepi isishuke wala kuchakacha, na suruali nyeusi iliyolegea. Nailoni urudishe dukani kwako."

"Na maji, sista? Nikinywa si yatatoka?"

"Kunywa. Kidogo kidogo, kutwa nzima. Mkojo mwepesi haunuki sana, ule uliokolea ndio unaokufichua. Na nitakufundisha kukaza misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo. Ukifanya kila siku, wengi hupata nafuu."

Baba akasema kwa sauti ndogo, "Watanicheka."

"Umenyoa watu wangapi maishani mwako?"

"Sijui. Maelfu."

"Basi wamo waliokaa kwenye kiti chako wamevaa hizi hizi. Ulimjua hata mmoja?"

Baada ya muda Karani alisikia kijiko kikigonga bakuli la uji.

Vidonda vilichukua muda mrefu kupona. Wateja watatu hawakurudi, akiwamo yule wa sikio. Mkojo ulipungua kutoka, ingawa haukukoma. Baba alianza kupumzika kila baada ya vichwa viwili, aingie nyuma, abadilishe, arudi. Hakuna aliyeuliza. Siku ya kwanza aliyosimama dukani, alichukua koleo akaung'oa wavu dirishani, akamwambia fundi viatu, "Hapakuwa na paka, ndugu yangu. Nilikuwa mgonjwa." Fundi viatu alipokea wavu wake, akaenda zake.

Ila Karani alikuwa bado na kitu moyoni. Jumatatu jioni, siku aliyorudi shuleni, walipomaliza kufagia, alisimama mbele ya baba yake.

"Mwalimu ameniuliza kwa nini sikuja shule siku nne. Nimwambie nini?"

Baba alikaa kwenye kiti cha wateja, akamwonesha benchi naye akae.

"Mwambie baba alikuwa mgonjwa. Hiyo ni kweli."

"Akiuliza ugonjwa gani?"

"Mwambie hilo amuulize baba mwenyewe. Hiyo nayo ni kweli. Mwili wangu ni wangu, sina deni la kumweleza kila mtu. Lakini kukaa na jambo langu hakuhitaji uongo, na mimi nilikufundisha uongo. Tena nilimficha mtu ambaye kazi yake ni kunitibu. Haya yangu ilitaka kukuacha yatima, mama. Nilikukasirikia kwa kuniokoa."

Karani aliinamisha kichwa. Baba alimngoja mpaka alipoinua uso.

"Sikiliza. Siri ya mtu mzima ukiombwa uitunze, itunze. Lakini ukiona inamuumiza, nenda kamwambie anayeweza kumsaidia, siku hiyo hiyo."

"Hata ukiniapisha?"

"Hasa nikikuapisha."