Nakala ya Valmir

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Tijuca nilipopanda ngazi kwenda kwa Dona Guiomar, kompyuta mpya kwapani. Kazi ya nusu saa, nilimwambia mume wangu.

Mimi na mwanawe, Valmir, tulitunga michezo ya kompyuta pamoja, mpaka mafuriko ya Januari yalipomchukua. Kwenye kompyuta yake ya zamani aliacha mhusika mwenye sauti ya Valmir mwenyewe. Mhusika husimulia hadithi, akifika mahali husimama, akingoja mtu abonyeze kitufe. Siku Valmir alipokufa, mhusika huyo alikuwa amesimama katikati ya sentensi: "Alipofika mlangoni, alikuta..."

Miezi kumi na moja mama yake hakuruhusu mtu aiguse. Sasa kompyuta ilikuwa inakata roho. Akaniomba nimhamishie mhusika kwenye mpya vilevile, amesimama palepale.

Nilimweleza ukweli. Lugha tuliyoiandikia programu ile haikubali kunakili kazi iliyosimama njiani. Unaweza kuianzisha upya tu. Mbinu ya kulazimisha nilikuwa nayo, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Mhusika wa kwanza na nakala yake wangetumia kumbukumbu moja. Na kuna sehemu iliyoshikwa na mashine yenyewe, huko chini, ambayo hainakiliki. Pale pangebaki shimo.

"Nakili tu, Neide mwanangu," alisema. "Hata akiwa na shimo."

Nikamnakili kwanza mlemle kwenye kompyuta ya zamani, nijaribu. Dirisha la pili likafunguka kwenye skrini. Nikaiamsha nakala peke yake.

"...mama yake amelala," ikasema.

Sawasawa. Ndivyo hadithi ilivyoandikwa. Nikashusha pumzi. Kisha ikaendelea.

"Maji yamenifika shingoni."

Maneno hayo hatukuyarekodi kamwe.

Chumba kikanuka tope. Tope bichi, la mtoni.

Ndipo dirisha la kwanza, ambalo sikuligusa, likasogea mstari mmoja. Nikajiambia ni ile kumbukumbu moja, mmoja akisogea na mwenzake husogea. Lakini hilo nalo likanong'ona.

"Mama, usimjibu huyo."

Nakala nayo, kwa sauti ileile...

"Mama, usimjibu huyo."

Nikanyoosha mkono nizime. Dona Guiomar akanishika kiganja. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ukizima," aliuliza polepole, "unamzima yupi?"

Nikashuka ngazi bila kuaga, kompyuta mpya nimeiacha mezani, haijafunguliwa.

Wote wawili wangali wanawaka. Jana Dona Guiomar alinipigia simu. Kila jioni, alisema, huwauliza mambo anayoyajua mwanawe tu: jina la mbwa wao wa zamani, kovu la goti alilipata wapi. Wote hujibu sawa. Nikamwambia ndivyo inavyokuwa, kumbukumbu ni moja.

"Najua," alisema. "Ila mmoja hunijibu kabla sijauliza."