Pentium Iliyopoa

Jumatatu asubuhi, Julai 1996, kompyuta mbili za darasa la akina mama wa kanisa, hapo Olympic, Kibera, zilipewa kazi moja: kujumlisha alama za wanafunzi wote na kuwapanga. Zilimaliza pamoja.

Christine, msimamizi wa darasa, akataka zirudie. Zikamaliza pamoja tena. Hilo lilikuwa jambo lisilowezekana. Ya kushoto ilikuwa 486, kuukuu, husaga kazi ya namna hiyo mpaka mtu amalize chai yake. Ya kulia ilikuwa Pentium, kizazi kipya, humaliza kabla sukari haijayeyuka.

Mwalimu Mukhwana alifungua skrubu, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Wametoa ubao pamoja na prosesa, ule ubongo wenyewe, wakaweka wa 486. Sanduku ni letu, roho si yetu."

"Nani?"

"Ijumaa jioni niliziacha sawa. Kutoka hapo ufunguo ni wa Dalmas peke yake."

Dalmas, mlinzi, alikuwa kwenye benchi, koti la usiku bado mwilini. Alisema hajui hata sanduku hilo hufunguliwa upande gani. Christine akamwambia asitoke. Saa kumi angeita polisi. Dalmas aliomba jambo moja tu: mkewe Nereah asiambiwe mpaka atakapochukuliwa.

Mama Phanice, mwenyekiti wa akina mama, aliingia, akasikiliza yote. Hakuwa mtu wa haraka. Alivuta kiti.

"Mwalimu, wiki iliyopita hii Pentium ilitoka humu?"

"Jumatano niliipeleka kutolewa virusi. Alhamisi asubuhi nikairudisha, wanafunzi wakingoja hapo mlangoni. Wameitumia siku mbili, Mama. Hakuna aliyelalamika."

"Walifanya nini nayo?"

"Kuchapa barua."

"Na mtu akichapa barua kwa hii, halafu kwa ile, anaona tofauti?"

Mukhwana alisita. "Si sana. Hapo vidole ndivyo vinachelewa, si mashine."

"Basi hao si mashahidi."

Akamgeukia Filister, karani, aliyekuwa amenuna kando ya beseni lililofunikwa. "Na wewe, mbona leo hakuna mandazi?"

"Unga umegoma, Mama. Tangu Alhamisi. Nimeuziwa hamira ya uongo."

Kila mtu pale alijua beseni la Filister hukaa nyuma ya Pentium. Ile mashine ilikuwa na joto kama mgonjwa wa malaria, na baridi ya Julai ikiuma, hapakuwa na mahali pazuri zaidi pa kuumulia unga.

"Ulikanda hata mwisho wa wiki?"

"Jumamosi, kwangu Kisumu Ndogo. Nikaweka karibu na jiko."

"Hamira ile ile?"

"Ile ile. Ikaumuka mpaka ikamwagika." Filister akageuka. Akaliangalia beseni.

Mama Phanice aliinuka, akaweka kiganja nyuma ya Pentium, kisha nyuma ya 486. Zote zilikuwa zimewaka tangu asubuhi.

"Christine, njoo uguse."

"Vuguvugu tu," Christine alisema. "Na hii, vile vile."

"Hamira ni nzima. Joto ndilo limetoka, na halikutoka Ijumaa. Alhamisi unga ulishakataa. Sasa, usiku wa Jumatano kompyuta ililala kwa nani?"

Mukhwana alicheka, kicheko kikavu. "Mama, mtanishtaki kwa mandazi?"

"Hapana. Utatuonyesha tu huko ilikotolewa virusi."

Ilikuwa Kawangware 56, chumba nyuma ya saluni. Kibao cha nje kilisema ofisi ya kuchapa; mwenye saluni akamwita Mukhwana "landlord wa kompyuta", yaani mwenye ofisi, kabla hajaulizwa. Mezani palikuwa na mashine moja. Christine alikuwa amebeba disketi ya alama. Akaitia, akabonyeza. Mama Phanice alikuwa bado anatafuta pa kukalia wakati orodha nzima ilipotokea.

"Hii ni yetu," Mama Phanice alisema taratibu.

Mukhwana alitazama mlango, kisha sakafu. "Shule mbili zilinipa matokeo ya mtihani. Niliahidi nitamaliza kwa siku moja, na 486 yangu ilikuwa inaniaibisha. Nikasema ninyi mnachapa barua tu, hamtajua."

"Na Dalmas?"

"Sikupanga kumtaja, Mama. Christine aliuliza nani, mdomo ukatangulia."

"Ukatangulia mpaka ukakumbuka ufunguo," Christine alisema. "Utarudisha ubao mbele yetu. Kisha maelezo yako utawapa polisi."

Waliporudi Olympic, Dalmas alisimama. Alidhani wamekuja kumchukua. Alikuwa ameshavua saa ya mkono, ameiweka juu ya benchi iende nyumbani.

"Vaa saa yako, Baba," Mama Phanice alimwambia. "Ni Mukhwana. Amekubali mwenyewe."

"Nimekukosea, Dalmas," Christine alisema. "Mbele ya watu wote."

Dalmas aliwaangalia mmoja mmoja. "Kwa hivyo Nereah..."

"Hakuna cha kumwambia."

Akakaa. Akashusha pumzi ndefu. "Ni sawa basi. Unajua sijafunga jicho tangu jana," alisema, na kabla Christine hajamwambia aende nyumbani, kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mlinzi mzima akikoroma kazini mbele ya mkubwa wake.

Filister akaanza kucheka. Christine akamnyamazisha, akaenda kuwaambia wanafunzi wa jioni wapitie mlango wa nyuma.