Filimbi ya Mfunga Mkia

Jibu lilikuja upesi mno. Kiongozi alipuliza filimbi mara moja, kama alivyofanya kwenye kila kona kwa miaka kumi na miwili, na kabla hajaitoa mdomoni, milio miwili ikamjibu kutoka nyuma. Akatabasamu. Mdogo wake leo kaamka na nguvu.

Ndivyo walivyofanya kazi ya kutembeza wageni msituni, kaka na dada. Yeye mbele, wageni wanne katikati, na Kitinda, mziwanda wao, nyuma kabisa akifunga mkia. Njia ilikuwa nyembamba, kushoto mto, kulia mizizi yenye utelezi, na kiongozi wa kugeukageuka huangusha msafara mzima. Kwa hiyo hawakutazamana. Mlio mmoja mbele, kuuliza kama wote wapo. Miwili nyuma, kujibu kwamba wapo. Mama yao hakuipenda kazi hiyo hata chembe. "Unaondoka naye mzima," alimwambia mwanawe kila safari, "nirudishie mzima." Naye aliapa kila mara, kwa mzaha, mkono kifuani.

Hiyo ilikuwa siku ya tatu kati ya tano. Asubuhi nzima filimbi zilijibizana, huku mwalimu mstaafu akilalamikia magoti yake.

"Kiongozi, ulisema leo ni mteremko. Mteremko gani huu unaopanda?"

"Vumilia, mwalimu. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zenyewe nitazitafuna na meno gani?"

Walicheka. Hakuna aliyeona kwamba ndege walikuwa wamenyamaza, wala kwamba hewa ilinuka maji yaliyosahaulika ndani ya ndoo.

Mchana walipotua mizigo, kiongozi alitia mkono mfukoni kutafuta kiberiti, akagusa kitu cha plastiki. Akakitoa. Ilikuwa filimbi nyekundu ya Kitinda. Jana jioni walipovuka mto iliingia tope, akampa kaka yake aisafishe, na yeye kwa uchovu akalala bila kumrudishia.

Aliitazama kwa muda. Kisha akapuliza ya kwake, polepole.

Milio miwili ikajibu, kutoka kwenye kona waliyotoka kuipita.

"Kitinda yuko wapi?"

"Si huyu hapa nyuma yangu," alisema muuguzi, aliyekuwa wa mwisho kati ya wageni. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Uso ukamparama. "Nimesikia miguu yake njia nzima," akanong'ona. "Viatu vilikuwa vimejaa maji, chwa, chwa. Hata nikamtania."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Alicheka tu."

Kiongozi akaacha mzigo pale alipoutua, akakimbia kurudi walikotoka, akiteleza, akiinuka, akiliita jina la mdogo wake hadi koo likakauka, na kila alipoita ile milio miwili ilimjibu, mara mbele yake, mara ng'ambo ya mto, mara karibu kabisa na sikio lake, na ule uvundo wa maji ukamjaa kinywani, na kichwani mwake hamkuwa na kitu kingine ila uso wa mama yake mlangoni akimngoja.

Alimkuta pale kivukoni walipovuka jana. Amekaa juu ya jiwe, kaupa njia mgongo, nywele zinachuruzika. Kiongozi akamkumbatia, akalia bila haya mbele za wageni waliokuwa wamemfuata.

"Nilikusikia ukipuliza, kaka," alisema. "Nikawa najibu."

Alijibu kwa kitu gani? Hakuuliza. Mwenye furaha kama ile haulizi. Alimshika mkono, akaivunja safari, na siku mbili baadaye akamkabidhi kwa mama yake, mzima.

Nyumbani zile nywele hazikukauka. Asubuhi mto wa kulalia ulikuwa chepechepe, taulo tatu kwa siku hazikutosha. "Huyu kaniletea mto wote ndani," mama alitania siku ya kwanza. Siku ya tano hakutania tena. Alianika magodoro tu.

Siku ya tisa walikuwa mezani, kaka na dada, mkate na chai mbele yao. Mama alikuwa uani akifua nguo za safari. Mfukoni mwa shati akakuta filimbi nyekundu. Akaisuuza, akaipangusa kwa kanga, na ili ajue kama bado inafanya kazi, akaipuliza mara moja.

Milio miwili ikajibu pale pale mezani. Kitinda alikuwa amefumba midomo, anatafuna mkate. Milio ilitoka kooni mwake.

Kikombe kikamponyoka kiongozi.

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa. Taratibu, mara mbili, kama anavyogonga mtu asiye na filimbi wala nguvu.

"Kaka." Sauti ilikuwa imekauka, lakini aliijua, sauti ya mdogo wake aliyemlea mgongoni. "Kaka, fungua. Niliwaita, mbona hamkugeuka? Mama yupo?"

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, filimbi mkononi, macho yake yakitoka mezani yakienda mlangoni. Kiongozi akainuka. Alishika komeo.

Nyuma yake kiti kikasogezwa. Chwa, chwa, hadi kando ya mama.

"Mfungulie tu, kaka," ikasema sauti ile ile, kwa upole. "Ila mimi sirudi mtoni peke yangu."