Vidonge vya Kunenepa

Kila alasiri, akishavua sare na kuosha vyombo, Sindano alijifungia bafuni akameza kidonge kimoja. Wenzake darasani ndio waliompa jina hilo. "Sindano, upepo usije ukakubeba!" walimtania, naye akacheka nao huku moyo ukimuuma. Vidonge vya kunenepa alivinunua kwa siri.

Siku hiyo alipotoka bafuni alimkuta mama yake, fundi wa kushona, ameanguka kando ya cherehani. Jasho lilimtiririka, miguu ikimrukaruka bila hiari, macho yakihangaika. Sindano alimwita jirani. Hakulia. Alihisi ganzi, kana kwamba mambo hayo yalimpata mtoto wa watu.

Zahanatini daktari aliuliza, "Mama anatumia dawa gani?"

"Ile ya huzuni, tangu baba afariki. Na jana alinunua ya kikohozi, lakini kwa haya hakumtajia muuza dawa ile nyingine."

"Ndizo zilizogombana. Kemikali ya mwilini iitwayo serotonini imezidi mno." Alimtundikia dripu, akampa dawa ya kutuliza misuli, kisha akamgeukia muuguzi. "Saiproheptadini ipo? Hiyo ndiyo huizuia serotonini."

"Ile ya mzio? Imekwisha, daktari. Hata madukani wanaotaka kunenepa wameimaliza! Tukiagiza, itafika kesho."

"Kesho ni mbali."

Sindano alikodolea macho sakafu. Pakiti ya vidonge vyake, yenye jina hilohilo, ilikuwa bado mfukoni mwake. Lakini jirani alikuwa amesimama pale, na binti yake alisoma darasa moja naye. Asubuhi shule nzima ingecheka. Mguu wa mama ukaruka, ukagonga chuma cha kitanda.

"Ninavyo," alisema. Akaitoa pakiti, akampa daktari.

"Haa! Kumbe wewe nawe?" jirani alimaka.

Daktari alisoma jina na tarehe. Muuguzi akavisaga vidonge, akavipitisha kwa mpira wa puani hadi tumboni.

Jioni miguu ya mama ilitulia. Daktari akamkabili Sindano.

"Umefanya vema kusema. Lakini usijisifu, hukuvinunua kwa ajili ya mama. Yeye alimficha muuza dawa vidonge vyake vya huzuni kwa kuona haya, nawe ukamficha yeye vyako. Kosa lenu ni moja. Atumiaye dawa huwaambia wanaomtibu na wanaomlea, kila kidonge, bila aibu."

"Ndiyo, daktari."

Mama akafumbua macho. "Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama." Ndipo machozi yakamtoka.