Nilimchagulia Mume Wangu Kinanda kwa Masikio Yangu

Nina miaka arobaini na minne, ni askari wa magereza, na naishi kwenye nyumba za wafanyakazi hapa Mbale, Uganda. Mume wangu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia ninavyozungumza siku hizi huniuliza nimefiwa lini... Sijafiwa.

Mkasa wangu utawachekesha baadhi yenu. Unahusu programu ya muziki kwenye tableti. Chekeni tu, mimi nilishachoka hata kukasirika.

Mume wangu, Baba Grace, alikuwa mpiga kinanda katika bendi ya jeshi, na baada ya kustaafu akapiga kwenye harusi za Jinja kwa miaka mingi. Yeye ni Mteso, mimi ni Mgisu wa Busiu, kwa hiyo nyumba yetu imezungumza Kiswahili cha kambini tangu siku ya kwanza. Alikuwa na kinanda kimoja tu cha umeme, cha zamani, kizito kama gunia la mahindi. Juu yake kulikuwa na safu ya vitufe vya kuzungusha. Ukizungusha hiki sauti inafunguka, ukizungusha kile inajifunga.

Kinanda hicho hakikutaka kupigwa kikiwa baridi. Ukikiwasha na kupiga papo hapo, sauti inateleza taratibu mpaka inatoka kwenye tuni. Kilihitaji nusu saa kipate moto. Basi kila jioni alikiwasha, mimi nikaleta chai, tukakaa kusubiri. Karo ya binti yetu Grace, ugomvi wa mashemeji, mambo ya kazini kwangu, yote tuliyazungumza katika nusu saa hiyo.

Mwaka juzi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na maneno yakampotea, yakabaki machache tu. Muuguzi alisema tumpe vitu vya kushika, vidole visilale. Yeye mwenyewe akajikokota hadi kwenye kinanda. Alishika kitufe kimoja kwa vidole vitatu na kukizungusha, akibonyeza sauti moja kwa mkono wa kushoto. Waaa... wooo... Waaa... wooo... Kutwa nzima!

Niseme ukweli, maana bila ukweli hakuna haja ya kuandika. Niliichukia sauti ile. Narudi kutoka zamu miguu imevimba, naisikia tangu getini. Kuta zetu ni nyembamba. Majirani walianza kunitazama vibaya, na siku moja mkubwa wetu wa kazi akaniambia, "Afande, hiyo kelele ya mzee itaisha lini?" Nilitabasamu kwa aibu. Mke gani anaona aibu kwa sababu mumewe anajitahidi kupona?

Ndipo akaja Waiswa. Huyu alipiga gitaa na mume wangu kwa miaka yote ya Jinja, nami namwita shemeji. Alikuja kumjulia hali na tableti mkononi. Tulipokuwa nje akaniambia, "Afande, hii mashine iko nasumbua wewe bule. Sauti zote za zamani sasa iko ndani ya tableti. Mzee anavaa hedifoni, nyumba inanyamaza." Alikuwa amekipenda kinanda kile siku nyingi, na hakuficha. Akasema tubadilishane. Kisha akaongeza, "Lakini uliza mzee kwanza."

Nikamjibu siku ya pili kwamba nimemuuliza. Sikuwa nimemuuliza! Ningemuulizaje, nilijiambia, na mtu mwenyewe hasemi?

Akaniachia tableti, nikachagua programu kwa wiki mbili, yeye akinielekeza kwa simu kutoka Jinja. Nilikuwa na rekodi ya mume wangu akipiga kwenye harusi moja ya zamani. Nikawa nasikiliza rekodi, halafu programu, halafu rekodi tena. Ya kwanza ilileta matangazo katikati ya wimbo. Ya pili ilikuwa na picha nzuri ya kinanda cha zamani, lakini vitufe vyake vilikuwa vidogo kama punje za mchele. Ya tatu ilikwamisha tableti nzima. Ya nne... ya nne ilikuwa yenyewe! Sauti nene, inayotetemeka kidogo, huwezi kuitofautisha. Ilikuwa hata na sehemu ya kuifanya sauti iyumbe kama ya chombo kilichochakaa. Waiswa alicheka sana. "Ona, mpaka uzee nauza sasa!"

Nilijivuna. Nilijiona mke anayejua mambo.

Siku kinanda kinaondoka nilimpeleka mume wangu kliniki. Tuliporudi aliikuta meza tupu. Nikamwambia kimepelekwa kwa fundi Jinja, kitarudi. Nikampa tableti.

Aliijaribu. Mungu anajua aliijaribu! Lakini kioo hakina cha kushika. Vile vidole vitatu vilianguka kwa pamoja, programu ikaruka ukurasa mwingine. Alirudia. Ikajifunga. Alitoka jasho. Mwishowe akanisogezea tableti polepole, kama mtu anayerudisha sahani, akasema neno moja.

"Fundi?"

"Bado, Baba Grace. Kesho kutwa."

Tangu siku hiyo nikirudi kutoka zamu ananiuliza hivyo hivyo. Fundi? Bado. Fundi? Anatafuta spea. Miezi mitano! Mkono ukarudi kulala mapajani. Nyumba ilikuwa kimya kama nilivyotaka, nami nilipika na kufua bila kusikia chochote moyoni.

Kisha Waiswa akatualika harusi ya binti wa dada yake, huko Bugembe karibu na Jinja. Nilikubali kwa sababu yeye alikuwa mjomba wa bibi harusi, na mjomba hana kazi ya kupiga muziki. Nilifikiri nimepiga hesabu zote.

Tulikaa chini ya hema, mchana, nikimlisha pilau. Watu wakaanza kumshangilia Waiswa apige kidogo. Alikataa, akakubali. Vijana wakakileta kinanda kwa mbio, wakakichomeka umeme, naye akaanza papo hapo... Sauti ikapanda vizuri. Halafu ikaanza kuteleza.

Mume wangu akaacha kutafuna. Aliinua kichwa na kusema, wazi kabisa, sentensi yake ya kwanza nzima tangu augue:

"Hakijapata moto."

Kisha akageuka akanitazama. Ndugu zangu, hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma barua mpaka mwisho.

Sikulia. Nilishika kijiko cha pilau hewani, sijui kwa muda gani.

Baadaye Waiswa alipopata habari yote aliweka mikono kichwani. "Mimi nafikili yeye najua! Wewe mwenyewe ulisema!" Nilitamani awe mwizi ili nimlaumu. Hakuwa. Wiki iliyofuata alikirudisha kinanda mwenyewe, akachukua tableti yake, na chai hakunywa.

Mnadhani mambo yakaisha vizuri? Kinanda kiko mezani pake tangu siku hiyo. Mume wangu hajakigusa. Nimemwomba msamaha kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kigisu ambacho hakijui, nikapiga magoti. Ananipapasa kichwani kwa mkono mzima, basi. Swali lake la fundi hajaliuliza tena hata siku moja, na ndilo ninalolisubiri kila nikifungua mlango.

Wasomaji wenzangu, programu ile haikuwa mbaya. Mpaka leo nasema inatoa sauti yenyewe. Lakini mimi nilitafuta kitu cha kupendeza masikio yangu, na aliyekihitaji alikuwa na vidole. Kama una mgonjwa nyumbani, muulize. Hasemi? Muulize hivyo hivyo, umwekee vyote viwili mkononi, umsubiri. Na ukishamdanganya leo, mwambie leo, usingoje aje kujua mbele ya pilau ya watu.

Mimi nakiwasha kila jioni nikitoka zamu, naleta chai vikombe viwili, nakaa. Nusu saa inapita, kinapata moto. Yeye anatazama dirishani. Halafu nakizima, nakwenda kuosha vikombe.