Kifurushi Kilichopakuliwa Mara Milioni Mbili

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, Rumaisa alikuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha kompyuta cha shule yao pale Chundwa. Alipangusa vumbi, akaziwasha mashine, kisha akakaa kwenye ile ya dirishani. Siku hizo alikuwa akiitengenezea madrasa programu ya kuonyesha saa za swala. Ustadh Abdulqadir alikuwa amemwambia wazi: ikiwa sawa kufikia Ijumaa, skrini itabaki ukutani; ikikosea, itashushwa na asije tena na mambo ya kompyuta.

Rumaisa hakuandika kila kitu mwenyewe. Mtandaoni kuna vifurushi, yaani vipande vya programu ambavyo watu huviandika na kuviweka ili yeyote avitumie. Alivikuta viwili vya kupiga hesabu za saa za swala. Kimoja kilikuwa kimepakuliwa mara milioni mbili, kingine mara arobaini na moja. Hakupoteza muda. Akachukua cha milioni mbili.

Jumatano skrini ikamwaibisha. Watu walisikia adhana ya alasiri, wakaswali, wakatoka, na skrini ingali inasema alasiri haijaingia.

"Haya, fundi!" binamu yake Husni akaangua kicheko. "Sisi tushaswali, skrini yako ingali inatawadha!"

Ustadh hakucheka. "Rumaisa mwanangu, ndia umeipotea. Swala si jambo la kukisia. Ijumaa ikiwa hivi, naishusha."

Rumaisa alirudi shuleni amefura. Alikagua mahali, tarehe na saa ya mashine. Vyote sawa. Umeme ukakatika. Uliporudi ilimbidi aanze upya, kwa kuwa mashine za shule hufuta kila kitu zikizimika. Hata kifurushi kikapakuliwa upya. Mara umeme ukakatika tena.

"Aka!" Akaipiga meza. "Mwalimu, nimechoka! Na kosa haliwezi kuwa la kifurushi. Watu milioni mbili wamekichukua. Wote hao hawana macho?"

Mwalimu Kipchumba, aliyewafundisha kompyuta, aliinua kichwa. "Nani kakwambia ni watu? Hebu kijaribu kile kidogo, kwenye mashine zote."

Walikijaribu hadi jioni, huku umeme ukija na kuondoka. Kesho yake Rumaisa alifungua ukurasa wa kile kifurushi kidogo. Kimepakuliwa mara sabini na tatu.

"Kumbe watu wameanza kukipenda!"

"Watu gani? Ni sisi. Kila mashine ilipowaka upya, ilikipakua upya."

Rumaisa alimgeukia. "Basi hata nilipokuwa nakilaani kile kikubwa, nilikuwa nakiongezea hesabu?"

"Kila mara. Na huko duniani ziko mashine zinazopakua usiku na mchana bila mtu kugusa kitufe. Tena ziko programu kubwa zinazokibeba ndani yake. Anayezipakua hata hajui kama kimo. Umesoma maelezo yake?"

Hakuwa amesoma. Alisoma sasa, na aya ya kwanza tu ikampandisha hasira, safari hii juu yake mwenyewe.

"Kinafuata madhehebu ya Hanafi! Kwao alasiri huingia baadaye. Sisi huku ni Mashafii, Mwalimu! Na hakina pa kubadilisha."

"Hilo mimi nisingelijua," Kipchumba alikiri. "Na kidogo je?"

Kidogo kilimruhusu mtu kuchagua. Hata hivyo, Rumaisa hakukiamini hivihivi. Alilinganisha saa zake na ratiba ya msikiti, swala kwa swala, mpaka akaridhika.

Ijumaa alasiri, adhana na skrini viliafikiana. Ustadh alitazama ukutani, akatazama saa ya mkononi.

"Na ibaki," akasema, akaenda zake kuswali.

Jumatatu Husni alikuja chumba cha kompyuta akitikisa kichwa. "Mimi hata sasa ningechukua cha milioni mbili. Hicho chako nani anakijua?"

"Ndiyo maana ungeaibika," Mwalimu Kipchumba akamjibu. "Namba ile inasema kimechukuliwa mara ngapi. Haisemi nani amekichukua, wala kama kilimfaa. Soma kwanza kinafanya nini, ukijaribu hapa ulipo, ndipo ukiamini. Na wewe Rumaisa, mwandikie aliyekitengeneza umwambie kwamba umekijaribu Chundwa na kimefanya kazi, naye aliweke neno lako kwenye ukurasa wake. Anayekuja kuchagua kesho atakuwa na neno la mtu la kuliangalia."

Rumaisa alivuta kibodi, akaanza kuandika haraka kabla umeme haujakatika.